Magauni Ishirini na Manne ya Komunyo

Jumatatu, 22 Mei

Leo tumeuza gauni sifuri. Jana pia sifuri, lakini jana ilikuwa Jumapili, haihesabiki.

Naanza shajara hii kwa utaratibu. Mwalimu Kalisa, anayetufundisha ujasiriamali, anasema kila jambo lina tatizo, sababu na suluhisho, na mwanafunzi makini huyaandika kwa mpangilio huo.

Tatizo: Mama ana magauni meupe ishirini na manne ya Komunyo ya Kwanza, yananing'inia kibandani kwetu sokoni Kamembe, Rwanda. Komunyo ni Jumapili tarehe 11 Juni. Miaka mingine, wiki kama hii, wanawake husukumana mbele ya kibanda, na wengine huvuka mpaka kutoka Bukavu, Kongo, ili kununua kwetu. Mwaka huu tumeuza moja. Limerudishwa.

Sababu: Jolie. Ana miaka ishirini na miwili. Hana kibanda, hana meza, hana hata kiti. Anakaa kwenye ngazi za duka la dawa na simu mbili, anawaonyesha watu picha za nguo za mtandaoni, anachukua komande, yaani oda, na ndani ya wiki mbili mzigo unafika kwa basi la Kigali. Mama alipomuuliza kwa heshima kama hafikirii kutafuta duka, alicheka. "Duka ya nini, Maman Véda? Duka yangu iko mu mukono."

Suluhisho: mimi.

Jioni, tukila sombe, yaani kisamvu, Mama alisema kwamba magauni yakibaki, Jumatatu tarehe 12 Juni atarudisha ufunguo kwenye ofisi ya soko na kwenda kuuza sambaza, vidagaa vya ziwani, pamoja na shangazi yangu wa kisiwa cha Nkombo. Miaka kumi na moja kibandani! Alilisema kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Kisha akaniomba nimsogezee bakuli.

Mzee Mulume, fundi wetu, hajaambiwa. Huvuka kila asubuhi kutoka Bukavu na mkasi wake mkubwa umefungwa kwenye gazeti. Ndiye aliyeshona yote ishirini na manne.

Zimebaki siku ishirini. Zinatosha.

Jumanne, 23 Mei

Upelelezi. Kitabu chetu kinasema: mjue mshindani wako.

Nilivua sweta ya shule ili nisijulikane. Nilipofika kwenye ngazi, Jolie aliniita kwa sauti, kwa jina langu na la Mama mwenyewe: Véda wa Maman Véronique, karibu, kaa hapa! Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya mpango haikufaulu.

Nilisema namuulizia rafiki. Akauliza rafiki ni nani. Nikasema Béatrice, kwa sababu uongo unahitaji maandalizi na mimi sikuwa nayo. Béatrice ni binamu yangu, ana miaka tisa, anakaa kwetu, na ni kweli atapokea Komunyo.

Jolie alinionyesha picha. Magauni yenye manyoya shingoni. Magauni yenye vipepeo. Wasichana wenye meno meupe kuliko magauni. Aliongea kwa upole sana. Dakika kumi baadaye nilikuwa nimeagiza gauni.

Nimelipa kwa akiba yangu ya kununua kikokotoo. Lakini mwalimu Kalisa alisema wazi kwamba mfanyabiashara hununua bidhaa ya mshindani na kuichunguza. Hii si hasara. Ni utafiti.

Vipimo vya Béatrice nilivinakili kutoka daftari la Mzee Mulume. Jolie alisema nguo za kule huja kadogo, tupande namba moja juu. Nikaona ana busara. Nami nikapanda moja nyingine, kwa tahadhari.

Alhamisi, 25 Mei

Fikra kubwa! Ikiwa watu wanapenda picha, tuwape picha.

Baada ya shule nilimvisha Béatrice gauni letu bora zaidi, lile lenye mshipi wa satini, na kumpeleka chini ziwani. Aliuliza atalipwa nini. Nilimwahidi mandazi. Alisema mandazi mawili. Mtoto huyu atafika mbali.

Picha ya kwanza, amefumba macho. Ya pili, anajikuna. Ya tatu, upepo ulipita, gauni likajaa kama ua, maji nyuma yake yakameta, mitumbwi ya Nkombo ikajipanga yenyewe. Mimi sikufanya kitu ila kubonyeza. Pindo la gauni lililowa kidogo. Mama hajui.

Niliiweka kwenye status ya WhatsApp, kwa simu ya Mama. Chini nikaandika: "Usidanganywe na picha. Njoo uguse mwenyewe."

Watu tisini na wawili wameiona. Baadaye niligundua sikuandika jina la kibanda, wala soko, wala mji. Si neno. Kitu kizuri hujulikana kilikotoka.

Jumamosi, 27 Mei

Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi. Tulizibua mtaro wa barabara, mtaa mzima. Upande wa wanawake hapakuwa na habari nyingine ila "ile robe ya ziwa", yaani gauni la picha yangu. Nililima kwa nguvu kuliko siku yoyote. Mkuu wa kijiji alinisifu.

Kisha Maman Ghislain, jirani yetu, akapumzisha jembe na kunionyesha simu yake. Picha yangu! Kwenye status ya Jolie! Ameizungushia mioyo na kuandika kwamba mzigo mpya unatoka Uturuki, komandeni kabla ya Alhamisi. Maman Ghislain alishakomandi moja ya binti yake Sandrine.

Nilimwambia kwa adabu kwamba gauni hilo linaning'inia kibandani kwa Mama, mita mia tatu kutoka hapo tulipo. Akasema hapana, ya Mama yako ninazijua, haziko hivi. Nikamwambia amtazame mtoto vizuri. Huyu si Béatrice? Akaisogeza simu karibu na macho, kisha akaisogeza mbali.

"Hata kule Uturuki kuna batoto wanafanana na ba huku," alisema, akarudi mtaroni.

Jolie hana gauni hilo. Hajawahi kuliona. Anachukua komande za gauni letu, kisha anawatafutia linalofanana nalo mtandaoni. Mama alipoelezwa aliuliza kwa nini pindo lina tope.

Jumatano, 31 Mei

Kibandani kumejaa watu. Hakuna anayenunua.

Wanakuja kugusa. (Niliwaambia waje waguse. Wametii.) Wanapapasa satini, wanahesabu vifungo, wanaitikia kwa kichwa. Kisha wanamwomba Mzee Mulume awapime watoto, aandike vipimo kwenye karatasi, na karatasi hiyo inakwenda moja kwa moja ngazini kwa Jolie. Na Mzee Mulume anawapima! Anachutama mbele ya kila mtoto, anamwambia asimame kama askari, anamuuliza jina la malaika wake mlinzi. Bure kabisa.

Nilimuuliza kwa nini. Alisema yeye amepima bibi za watoto hawa, hawezi kumwambia mutu kwamba mwili wake una bei.

Ni lazima nieleze vipimo vyake, kwa sababu mgeni hawezi kuvielewa. Kwetu gauni la Komunyo halishonwi kwa ajili ya siku moja. Litavaliwa Noeli, litavaliwa Pasaka, litavaliwa harusini, kisha mdogo wake atalirithi. Kwa hiyo Mzee Mulume akishapima, hulaza vidole vinne juu ya utepe na kuandika namba ya baada ya vidole. Hiyo ni nafasi ya kukua. Anaposhona, nafasi hiyo huikunja ndani kwa nyuzi nyepesi, nje huioni. Kila mwaka mama anafungua mkunjo mmoja. Hajawahi kuandika namba bila vidole vinne. Hajui kwamba kuna watu wanaoandika bila vidole.

Mpango wangu wa leo ulikuwa rahisi: bila utepe, hakuna vipimo. Saa moja asubuhi niliuficha utepe kwenye mkoba wangu wa shule.

Saa nne ukaanguka darasani, mbele ya mwalimu wa hisabati. Aliniuliza unanihusu nini. Nilisema ni wa jiometria. Akanifanya nipime ubao, dirisha, mlango na Héritier wa dawati la mbele, darasa zima likiandika.

Niliporudi sokoni nilikuta Mzee Mulume amepima watoto tisa kwa kamba ya katani yenye mafundo. Alisema kamba ni nzuri kuliko utepe. Haina namba za kumchanganya.

Jumapili, 4 Juni

Katekista alisoma majina ya watakaopokea Komunyo. Wasichana thelathini na wanne. Béatrice, ambaye anajua habari zote za mstari wake, anasema ishirini na mmoja wamekomandi kwa Jolie.

Mchana nilisikia mlio wa plastiki chumbani. Mama alikuwa anakunja magauni mawili na kuyafunga. Nilimuuliza kama anayapanga kwa ajili ya wateja. Alisema sambaza hazihitaji satini.

Kwenye misa ya jioni, katika sala ya waumini, niliomba ndege ya mzigo ichelewe. Baadaye nikaongeza kwamba isianguke. Nadhani Mungu anaweza kutofautisha.

Alhamisi, 8 Juni

Ndege haikuchelewa.

Mizigo ilifika kwa basi la mchana, mifuko ishirini na zaidi, na Jolie alikuwa akiigawa ngazini kama zawadi za Noeli. Nilichukua wangu na kukimbia nao nyumbani ili nikauchunguze kitaalamu.

Béatrice aliingia kwenye gauni na kupotea. Kwanza nilidhani amevaa upande usio wake. Tukatafuta shingo. Tuliipata, lakini mabega yote mawili yalipita humo pamoja. Kisha nikaingia mimi pia, kwa ajili ya utafiti, na kulikuwa bado na nafasi. Béatrice alisema, akiwa mahali fulani upande wa kushoto, kwamba humu ndani kuna joto.

Nilielewa mara moja. Vidole vinne vya Mzee Mulume. Namba moja ya Jolie. Namba moja yangu. Na wale akina mama wengine, je? Nani kati yao angeandika namba ya mtoto bila kuongeza kidogo, wakati mutoto anakomaa kila siku? Kila mtu aliongeza. Kila mtu alidhani ni yeye peke yake.

Ushahidi! Nilikimbia sokoni na kulitundika gauni mbele ya kibanda, juu kabisa, ili mji mzima uone mtandao unavyotendea watu. Chini yake nikaweka karatasi yenye herufi kubwa: TAZAMENI WENYEWE! Kisha nikaenda kwenye mazoezi ya kwaya.

Niliporudi, kulikuwa na umati. Walitazama wenyewe. Wabeba mizigo wawili walikuwa wakibishana kama ni gauni au hema la misa ya nje. Mmoja alisema kwa sauti ya kufika hadi kituo cha basi: "Maman Véronique anashonea sasa ba tembo!" Mwingine akasema fundi amezeeka, macho yamekwisha, masikini.

Walidhani ni letu. Lilikuwa kwenye kibanda chetu. Sikuandika popote kwamba si letu.

Mzee Mulume alikuwa nyuma ya cherehani yake. Alisikia yote. Alifunga mkasi kwenye gazeti, polepole, kona kwa kona. Alimwambia Mama kwamba ameshona miaka arobaini na hajawahi kuchekwa na mubeba viazi. Kisha akashuka kuelekea mpakani, saa tisa tu, jua likiwa juu.

Mama alilishusha gauni. Hakunigombeza. Aliniambia nikanawe mikono. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 9 Juni

Mzee Mulume hakuja.

Waliokuja ni akina mama. Wote! Kabla hata ya kifungua kinywa walikuwa mlangoni mwa kibanda na mifuko yao, na ndani ya mifuko mahema. Maman Ghislain alifunua lake na kulitikisa mbele ya pua ya Mama. "Hii njo robe ama ni chandarua? Sandrine amelala ndani yake na ndugu zake wawili!" Komunyo ni keshokutwa. Jolie, walisema, amezima simu zote mbili.

Wanataka fundi apunguze. Mama akatazama cherehani yenye kifuniko. Akasema fundi hayupo. Akina mama wakatazamana. Mmoja akaanza kulia, kwa adabu, kwenye mfuko.

Hapo niliona kosa langu. Yaani niliona kwamba mpango wa jana ulihitaji nyongeza. Baada ya shule nilishuka hadi mpakani, Rusizi ya Kwanza, kumfuata mzee. Foleni ilikuwa ndefu, wanawake na mabeseni ya nyanya, vijana na magunia ya unga. Ofisa aliniuliza jeton iko wapi, ile karatasi ya kuvukia ya siku moja. Sina. Mzazi je? Yuko sokoni. Sababu ya safari? Nilianza na tatizo, nikaenda kwenye sababu. Nilipofika kwenye suluhisho alikuwa ameshahudumia watu sita. Alisema mwanafunzi havuki peke yake, nirudi nyumbani nikafanye mazoezi ya nyumbani.

Nikakaa pembeni. Maman Ciza, anayevusha vitunguu na anakaa mtaa mmoja na Mzee Mulume, aliniona na kuuliza nani amekufa. Nilimweleza. Alisema niandike barua, yeye ataibeba juu ya vitunguu.

Niliandika barua ndefu yenye utangulizi. Aliisoma, akasema mzee atalala kabla ya ukurasa wa pili. Akanipa nusu ya karatasi nyingine. Niliandika: "Papa Mulume. Gauni lile ni la mtandaoni, nililitundika mimi. Waliocheka walicheka kwa sababu yangu. Mama hana kosa. Kibanda kitafungwa Jumatatu. Véda."

Maman Ciza aliisoma hiyo pia. Aliuliza kama Mzee Mulume anajua habari ya kibanda kufungwa. Nilisema hapana. Alisema sasa atajua, akajitwika beseni.

Jumamosi, 10 Juni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulimkuta ameketi mbele ya kibanda kilichofungwa, mkasi magotini. Alimsalimu Mama kana kwamba jana haikuwepo. Mimi hakunisalimu. Alinipa kazi ya kufumua mishono, magauni matatu.

Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu ubora, kwa ajili ya akina mama. Kurasa mbili. Hakuna aliyenyamaza muda wa kutosha.

Saa mbili walikuwa wamejaa, kila mmoja na mtoto na hema. Mzee Mulume alichukua la Maman Ghislain, akakata pembeni kidogo. Kitambaa kikaanza kuchanika chenyewe, uzi baada ya uzi, bila kuguswa. Alikiangalia kinavyokwenda. Akasema anaweza kukata, hakuna shida, lakini nguo hii ikianza kukimbia kesho asubuhi, itakuwa imefika altare kabla ya mutoto.

Zikaanza kelele.

Mama hakuinua sauti. Alisema tusipoteze muda. Kila mtoto avae kwanza gauni la kibandani, saizi yake, ili fundi aone pindo linapaswa kuangukia wapi, na kwa mfano huo akate lile kubwa. Itakuwa haraka. Akaniambia nilete kioo kutoka kwa kinyozi.

Nilileta kioo. Wasichana wakavaa, mmoja mmoja, nyuma ya pazia. Mzee Mulume akapiga magoti, akafungua mkunjo hapa, akafunga mkunjo pale, dakika tano kila mmoja, na kila gauni likakaa kama limezaliwa na mtoto wake. Akawaambia wasimame kama askari. Wakasimama. Wakajiona.

Kisha Sandrine akaambiwa avue, sasa ni zamu ya kukata lile la kwake.

Hakuvua. Mama yake alisema vua. Sandrine alikaa chini sakafuni, polepole, akayapanga marinda yake pande zote, akasema hapana. Maman Ghislain alisema atahesabu hadi tatu. Alihesabu hadi tatu. Akahesabu tena. Msichana wa pili akaona, naye akakaa. Wa tatu akashika mguu wa meza. Ikafika wakati wasichana saba wenye magauni meupe walikuwa wamekaa sakafuni mwa soko la Kamembe kama mayai kwenye kiota, na hakuna mama aliyekuwa na nguvu ya kuinua zaidi ya mmoja.

"Maman Véda," Maman Ghislain alisema mwishowe, akijipepea kwa ule mfuko wa mtandaoni, "wewe muntu wa hatari. Sema bei."

Mama alisema bei ni ileile ya mwaka jana. Akaanza kufunga.

Hadi jioni tumeuza ishirini na moja. Mzee Mulume alikula mahindi mawili na kuimba kitu kwa Kishi, lugha ya kwao. Alipokuwa anaondoka alinisalimu.

Sijui kama Mama alijua yatakayotokea. Nilimuuliza. Alisema nirudishe kioo cha watu.

Jumapili, 11 Juni

Komunyo. Wasichana thelathini na wanne wakipanda ngazi za kanisa. Niliwatazama mikunjo tu, sikusikia mahubiri. Hakuna hata mmoja uliofumuka. Béatrice alipita mbele yetu na uso mtakatifu kabisa, kisha akanikumbusha kwa vidole viwili kwamba mandazi sijayalipa.

Jolie alikuwepo, safu ya nyuma. Baada ya misa alimfuata Mama. Nilidhani watagombana, nikasogea ili niwe shahidi. Jolie aliomba radhi kwa ajili ya picha, na akauliza kama Mzee Mulume anaweza kumfundisha kupima. Mama alisema anaweza, aje asubuhi, aje na kiti chake.

Sikubaliani na uamuzi huo. Lakini sikuulizwa.

Jumatatu, 12 Juni

Mama alikwenda kwenye ofisi ya soko saa tatu. Saa nne alirudi. Ufunguo ulikuwa bado umening'inia shingoni, kwenye kamba yake. Alisema amelipia kibanda hadi Desemba. Mzee Mulume alipiga mkasi hewani mara mbili, ndiyo makofi yake.

Kisha likatokea jambo ambalo nimelisubiri tangu tarehe 22 Mei. Mama alinipa simu yake. Alisema watu wanaandika, wanaandika, naye hana muda. "Miye sijui mambo ya mu-telefone. Wewe umesoma. Jibu bantu."

Sasa naandika hitimisho, kama mwalimu Kalisa anavyotaka. Nimechunguza mambo yote kwa haki. Magauni yaliuzwa kwa sababu akina mama walikuja. Akina mama walikuja kwa sababu walikomandi. Walikomandi kwa sababu ya picha. Picha niliipiga mimi. Kwa hiyo mtandao hauna ubaya wowote, ukiwa mikononi mwa mtu makini.

Ujumbe wa kwanza niliujibu papo hapo. Mwanamke mmoja wa Bukavu ameiona ile picha ya ziwa, imefika hadi kwao. Harusi ya mdogo wake ni Jumamosi hii. Anauliza kama tunaweza kuwavika wanawake wa upande wa bibi harusi, wote kitenge kimoja, cha bluu chenye ndege, mishono tofauti. Nilijibu ndiyo. Nilijibu kwa sentensi kamili, na nukta. Alishukuru sana. Kisha akataja idadi: thelathini na wanane.

Kitenge cha bluu chenye ndege tunacho mita sita. Nimefanya hesabu kwa mkono, kwa kuwa sina kikokotoo. Hazitoshi.

Lakini sikubabaika. Nilishuka hadi ngazini, nikamwagiza Jolie kilichobaki. Aliniuliza mara mbili kama Mama anajua. Nilimwambia simu ninayo mimi. Anasema kitafika baada ya wiki mbili. Nimemwomba aandike "haraka", na ameandika, mbele yangu, kwa herufi kubwa.

Mama yuko uani, anamenya mihogo na kuimba. Sijamsikia akiimba tangu Pasaka. Nitamwambia Ijumaa, ili nisimharibie wiki nzuri kama hii.